Shangazi, tuuze shamba la mama tumpeleke mdogo wangu akawekewe kifaa cha shingoni?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada mtu wa miaka 34, naishi Muheza na mama yangu na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 26. Mdogo wangu ana kifafa tangu akiwa darasa la tatu. Mwanzoni alikuwa anakodoa macho tu, anatafuna midomo, ukimwita haitiki, baada ya dakika moja anarudi. Baadaye ikawa kuanguka kabisa. Alikunywa fenobabitoni miaka mingi, kisha akabadilishiwa kabamazepini, ndiyo anayotumia mpaka leo. Kwa mwezi anaanguka mara nne au tano, na kuna miezi mibaya zaidi. Ni fundi simu hapa stendi. Kazi anaiweza na anaipenda, ila mteja akimshuhudia ameanguka, harudi tena.

Tumbo lilianza mwaka juzi. Anaharisha, choo kina makamasi na damu, nguo zinampwaya. Tukajua ni amiba. Duka la dawa wakampa sipro na flajili, akapata nafuu kama wiki, likarudi. Tumeshanunua hizo dawa sijui mara ngapi. Mwisho tukampeleka hospitali, wakampima choo kipimo kinaitwa kalprotektini, cha kuonyesha uvimbe wa utumbo, kikaja 640. Cha damu, CRP, nacho kilikuwa juu. Daktari akasema huenda ni ugonjwa wa Crohn, yaani utumbo kuvimba na kupata vidonda kwa muda mrefu, akaandika apigwe kamera ya utumbo. Tarehe ilipofika hatukuwa na hela, ikapita. Mwezi uliopita tukarudia kipimo cha choo maabara nyingine mjini Tanga, kikaja 410.

Sasa, mjomba wetu anayeishi Maskati ametuma kwenye kundi la familia la WhatsApp habari za utafiti. Anasema wazungu wamegundua kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi, kinapeleka umeme kwenye mshipa wa shingoni, kinatibu kifafa na utumbo kwa pamoja, na hivyo vipimo vya choo vinashuka. Anataka tuuze shamba la michungwa la mama, mgonjwa apelekwe India. Tukishindwa, basi tununue kile cha kubana sikioni kinachouzwa mtandaoni, eti kazi ni ile ile. Mama amekubali na ameanza kuulizia wanunuzi. Mimi roho inasita, lakini nikifungua mdomo naonekana napenda shamba kuliko ndugu yangu wa tumbo moja.

Kuna mambo mengine ambayo pengine hayana maana, ila niyaseme. Vidonge vya kifafa vikikaribia kwisha, tunavikata nusu nusu kwa wembe ili vifike mwisho wa mwezi. Akishaanguka, akiamka mwili wote unamuuma, na siku hizi magoti nayo yanamsumbua, hivyo tunampa diklofenaki. Na tangu tumbo lianze, kuna siku hazinywi hizo dawa za kifafa, anasema ndizo zinazomharisha.

Shangazi, kifaa hicho kipo kweli? Na ungekuwa wewe, shamba ungeuza?

Dada mtu, Muheza

---

Marahaba mwanangu. Pole na kuuguza, na mfikishie mama salamu zangu.

Nianze na mjomba, kwa sababu hakuwaongopea. Kifaa kipo na utafiti upo. Kuna neva inaitwa vagasi, inatoka chini ya ubongo, inashuka pande zote mbili za shingo, inapita kwenye moyo na mapafu mpaka tumboni na kwenye utumbo. Nyuzi zake nyingi, takriban nane katika kila kumi, zinapeleka habari juu kwenye ubongo. Zilizobaki zinaleta amri chini. Ndiyo maana ukiigusa kwa umeme pale shingoni unaweza kufikia pande mbili kwa mpigo. Mgonjwa wa kwanza wa kifafa aliwekewa kifaa hicho mwaka 1988, North Carolina, Marekani. Mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikakiruhusu kwa kifafa kisichosikia dawa. Betri inakaa chini ya mtulinga wa kushoto, waya unapanda kwenye neva, na mashine inajiwasha na kujizima yenyewe, kwa kawaida sekunde 30 inafanya kazi kisha inapumzika dakika chache, usiku na mchana.

Upande wa utumbo ulikuja baadaye. Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey huko New York lilionyesha kwamba panya wakichochewa vagasi kwa umeme, kemikali za mwilini zinazoamsha uvimbe zinapungua. Wafaransa wa Grenoble, wakiongozwa na Bruno Bonaz, wakalipeleka wazo hilo kwa watu wenye Crohn. Mwaka 2016 walitoa matokeo ya wagonjwa saba waliofuatiliwa miezi sita. Watano walipata nafuu, mpaka kamera ikaonyesha utumbo umetulia. Wawili walizidiwa, wakatolewa kwenye utafiti kabla ya wakati ili wapewe matibabu mengine. Baadaye wakafikisha wagonjwa tisa kwa mwaka mzima: kalprotektini ilishuka kwa watano, CRP kwa sita.

Umeona idadi? Saba. Tisa. Na hapakuwa na kundi la pili lililowekewa kifaa kilichozimwa ili walinganishwe. Ugonjwa wa Crohn una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe, hivyo bila kundi la kulinganisha huwezi kujua nani katulizwa na umeme na nani alikuwa anaelekea kutulia tu. Wenyewe waliuita utafiti wa majaribio, ila neno hilo huwa linadondoka njiani habari ikitoka kundi moja la WhatsApp kwenda jingine.

Tena umeme wenyewe si mmoja. Kwenye kifafa mashine hutegwa kwa mapigo 20 hadi 30 kwa sekunde. Grenoble walitega 10. Kwa hiyo hayo ya "kinatibu vyote kwa pamoja" mjomba ameunganisha mwenyewe vitu viwili. Daktari wa India akimwekea mdogo wako kifaa, atamwekea kwa ajili ya kifafa na atakitega cha kifafa. Utumbo hapo utakuwa bahati nasibu.

Haya, na kwenye kifafa chenyewe kinasaidia kiasi gani? Utafiti uliotangazwa mwaka 1998 uliwachukua wagonjwa 196 waliokuwa wameshindikana kwa dawa. Baada ya miezi mitatu, waliopewa umeme wa kutosha walipungukiwa na kuanguka kwa asilimia 28, na waliopewa umeme kidogo mno kwa asilimia 15. Faida huongezeka kadiri miaka inavyokwenda, na baadaye karibu nusu ya watu hupungukiwa na kuanguka kwa nusu au zaidi. Wanaoacha kuanguka kabisa hawafiki mmoja katika kumi. Na vidonge wanaendelea navyo, mwanangu. Sauti inakwaruza mashine ikiwaka, wengine wanakohoa. Umeme hauwekwi wote siku ya kwanza, unapandishwa kidogo kidogo kwa wiki na miezi, kila mara mgonjwa anarudi kliniki na daktari mwenye kifaa cha kuitegea. Betri ikiisha ni upasuaji mwingine. Mkishauza shamba na kurudi Muheza, nani atakuwa anaipandisha?

Kuna na mashine za kuweka ndani ya ubongo kabisa, zimeruhusiwa Marekani, moja mwaka 2013 na nyingine 2018. Hizo tuziache, hazimhusu mdogo wako kwa sasa.

Ila la sikioni lazima niliseme, maana ndilo litakalowaingiza hasara haraka. Tawi dogo la vagasi linafika kwenye sikio, hilo ni kweli. New York walijaribu kuwabana sikio kwa umeme watoto na vijana 22 wenye magonjwa haya ya utumbo, matokeo yakatoka mwaka 2023. Wote walikuwa wamepimwa kalprotektini wiki chache kabla, wote ilikuwa 200 au zaidi. Walipokuja kuanza, watano kati yao ilikuwa imeshashuka chini ya 200, kabla hata hawajabanwa sikio! Ikabidi watolewe kwenye hesabu ya choo. Katika 17 waliobaki, kufikia wiki ya 16, 11 ilishuka kwa nusu au zaidi. Ni habari ya kutia moyo, na nitafurahi wakiendelea. Lakini nataka umwonyeshe mama hao watano. Namba hiyo inapanda na kushuka yenyewe, na mwenye duka la mtandaoni akiijua tabia yake hawezi kukosa ushuhuda wa kuweka kwenye tangazo. Cha kubana sikioni kisicho na daktari nyuma yake msinunue.

Sasa nirudi kwenye ile aya uliyosema pengine haina maana. Nimeisoma mara kadhaa. Ndiyo barua yako yenyewe.

Wembe kwanza. Nimefanya kazi wodini mpaka nikastaafu, na huo wembe naujua. Kabamazepini inatakiwa iwe kwenye damu kwa kiwango kile kile kila siku, mwezi mzima. Mnapoikata nusu kuanzia tarehe ishirini, kiwango kinaporomoka, na kuporomoka huko peke yake kunaweza kumwangusha mtu hata kama dawa inamfaa. Tena kuna vidonge vya kabamazepini vilivyotengenezwa viachie dawa polepole; hivyo vikikatwa ovyo vinaharibika, dawa yote inaingia kwa mkupuo kisha inakwisha. Chukua daftari leo, andika kila anapoanguka, tarehe na saa, na pembeni andika siku hiyo alikunywa nzima, nusu au hakunywa. Sitashangaa kuanguka kwake kukiwa kumejazana wiki ya mwisho wa mwezi.

Na hapa ndipo mjomba alipowahi. Kifaa hicho ni cha watu ambao dawa zimewashinda, na kushindwa kuna kanuni yake: dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, kwa dozi kamili, kwa muda wa kutosha, na bado mtu anaanguka. Madaktari wa Glasgow waliwafuatilia wagonjwa 525, wakatoa hesabu mwaka 2000. Katika 470 ambao walikuwa hawajawahi kunywa dawa, asilimia 47 waliacha kuanguka kwa dawa ya kwanza tu. Ya pili iliongeza asilimia 13. Kuanzia ya tatu ni asilimia 4. Mdogo wako amepita fenobabitoni, sawa, ingawa sijui dozi yake iliwahi kupandishwa akiwa mtu mzima au alibaki na ya utotoni. Kabamazepini hajaijaribu bado, kwa sababu hajawahi kuinywa kamili mwezi mzima. Na ukiacha hiyo zipo nyingine. Kule Mahenge, Ulanga, mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa, watu wenye kifafa wakati huo wakila kwa vyombo vya peke yao kwa hofu ya kuambukiza. Kilichowarudisha wengi shambani na jikoni ni vidonge vya bei ndogo vilivyokuwa havikosekani. Shirika la Afya Duniani leo linasema hadi watu 70 katika 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ipasavyo.

La pili, sipro. Dawa za kundi hilo zinaweza kuushtua ubongo wa mtu mwenye kifafa akaanguka zaidi. Mnatibu tumbo, mnaamsha kifafa, bila muuza duka kujua, kwa sababu nina hakika hakuna aliyemuuliza kama ana kifafa. Kuanzia sasa, popote anapopewa dawa, sentensi ya kwanza iwe "nina kifafa, natumia kabamazepini." Tramado nayo, ile dawa ya maumivu makali, asipewe kiholela, sababu ni hiyo hiyo. Na kuharisha sana kunapoteza chumvi za mwili. Kabamazepini yenyewe kwa baadhi ya watu inashusha sodiamu, na sodiamu ikishuka mno mtu anaanguka. Amwombe daktari apime.

La tatu ni diklofenaki. Hii inakwaruza utumbo, na kwa mtu mwenye Crohn inaweza kuamsha ugonjwa uliolala. Tena inapandisha kalprotektini. Protini hii inatoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazokimbilia mahali palipoumia. Zikiingia kwenye utumbo, inaonekana kwenye choo. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo ni kawaida, juu ya 250 ni dalili nzuri kwamba kuna uvimbe unaoendelea, katikati hapo ni pa kurudia. Lakini haisemi nani kaumiza. Amiba atapandisha, salmonela atapandisha, kifua kikuu cha utumbo kitapandisha, na hiyo diklofenaki. Kwa hiyo 640 yenu haina jina la ugonjwa ndani yake. Hata kushuka kutoka 640 mpaka 410 nisingekuhesabu kuwa nafuu, maana ni maabara mbili tofauti, na vitendanishi vya kila kampuni vina kipimo chake. Kwa maumivu ya mwili mpeni parasetamo. Magoti myataje kwa daktari, kwa sababu magonjwa haya ya utumbo mara nyingi hugusa na viungo. Diklofenaki ikikaa pembeni wiki kadhaa, rudieni choo kwenye maabara ile ya kwanza, pamoja na kuotesha choo na kuangalia vimelea.

CRP ni vivyo hivyo. Ini linaitoa popote panapowaka mwilini, hata jino bovu. Umuhimu mkubwa wa vipimo hivi viwili uko mbele, ugonjwa ukishajulikana. Utafiti mmoja wa mwaka 2017 uligawa wagonjwa 244 wa Crohn makundi mawili. Kundi moja matibabu yalibadilishwa kwa kuangalia CRP na kalprotektini pamoja na dalili, jingine kwa dalili peke yake. Baada ya mwaka, la kwanza asilimia 46 utumbo ulikuwa umepona, la pili 30. Kwa hiyo msizidharau namba hizo, ila zije baada ya kamera.

Maana kamera, mwanangu, ndiyo shamba mlilopaswa kuwa mnalizungumzia. Kwetu huku kifua kikuu cha utumbo na Crohn vinafanana mno: kukonda, kuharisha, damu, hata vidonda vyenyewe vikitazamwa. Kinachowatenganisha ni vinyama vinavyochukuliwa wakati wa kamera na kupimwa. Kosa hapo si dogo, kwa sababu Crohn hutulizwa kwa dawa zinazopunguza nguvu za kinga, na mwenye kifua kikuu ukimpa hizo umemmaliza. Ikija kuwa ni kifua kikuu, daktari wa TB lazima ajue habari za kabamazepini, kwa kuwa dawa za TB, isoniazidi na rifampisini, zinagombana nayo. Ikija kuwa ni Crohn akaandikiwa prednisoloni, kabamazepini huipunguza nguvu, dozi ihesabiwe kwa kujua hilo. Hapa hakuna daktari wa tumbo na daktari wa kichwa kila mmoja kivyake. Wote wawili waone karatasi moja, na wewe ndiye wa kuibeba.

Siku ya maandalizi ya kamera atakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Waambieni mapema ana kifafa ili wachague dawa inayomfaa, na waulizeni saa ya kunywa kabamazepini ili isitoke na maji. Asiiruke. Na asilale peke yake usiku huo.

Kitu kimoja ulichoandika kimenifurahisha, kule kukodoa macho na kutafuna midomo alipokuwa mdogo. Mweleze daktari hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Dalili hizo mara nyingi humaanisha kifafa kinaanzia sehemu moja ya ubongo, na kabamazepini ni dawa ya siku nyingi kwa kifafa cha namna hiyo. Aombe rufaa ya kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, na picha ya ubongo, MRI. Ikionekana sehemu yenyewe, na dawa zikishindwa kweli, kuna upasuaji wa kuiondoa. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2001 kwa watu 80 wenye kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio ulionyesha asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji waliacha kupoteza fahamu ndani ya mwaka, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki na dawa. Hakuna mashine ya shingoni inayofika hapo. Kwa hiyo hata siku ikifika ya kuuza kitu, swali la kwanza litakuwa kama anaweza kupasuliwa. Kifaa cha shingoni kinafuata kwa wasioweza.

Kabla ya yote hayo kuna mtu mmoja hajaulizwa. Umeniandikia mawazo ya mjomba, ya mama na yako. Mwenye kichwa na tumbo ana miaka 26, anafungua simu za watu na kuzifunga zikawaka, na sijasikia anasemaje. Anaruka dawa kwa sababu anaamini zinamharisha. Huenda ana hoja. Kabamazepini kwa baadhi ya watu huvuruga tumbo, ingawa damu kwenye choo si kawaida yake. Kaa naye, umsikilize mpaka amalize, kisha mwende wote kwa daktari akaseme mwenyewe. Akipewa sababu za kukata dawa ghafla ni hatari, ataelewa. Mkimnunulia mashine bila kumshawishi kunywa vidonge, mtakuwa mmemwekea mashine mtu asiyekunywa vidonge.

Na akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mtazame saa. Ikipita dakika tano bado anatikisika, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni gari na hospitali.

Umeniuliza ningeuza? Nisingeuza. Michungwa inaleta hela kila msimu, na dawa zinatakiwa kila mwezi. Hizo mbili zinaendana. Mjomba msimkatae, ana moyo na ana riali. Mpe kazi yenye mwisho. Mtumie hivi kwenye kundi, na mama aone:

"Mjomba, tumeuliza. Kifaa kipo, lakini ni cha waliojaribu dawa kamili zikashindwa, na sisi kamili hatujawahi kumpa. Kwa utumbo kimejaribiwa kwa watu wachache sana bado. Tunaomba ulipie kamera ya utumbo pamoja na kupima vinyama, na dawa za kifafa za miezi sita zisizokatika. EEG tutaitafuta kwa hela ya machungwa. Majibu yote tutayaweka hapa hapa kwenye kundi. Shamba tumesimamisha."

Ukishatuma, mpigie kabla hajajibu. Wajomba wa Maskati hawapendi kusomewa hukumu kwenye kundi.

Shangazi